Mwaka Nilipomsemea Mbwa

Jumamosi iliyopita nilikwenda mtaa wa Fedha, nyumbani kwa rafiki yangu Ciru, nikiwa na viatu vipya miguuni na maneno yamenijaa mpaka kooni, maana aliwaita watoto wote wa korido yetu ya zamani, na mimi sijawahi kuitwa mahali nikanyamaza. Tulilelewa mtaa wa Huruma, ghorofa ya chini, vyumba vya huku vikitazamana na vyumba vya kule, na sasa karibu sote tuna wajukuu. Ciru alipika chapati na ndengu, mumewe Odhis akawa anazunguka na birika la chai akitujazia vikombe hata kabla hatujavimaliza. Sebuleni mwao kuna televisheni kubwa kama meza ya kulia iliyosimamishwa ukutani. Ilikuwa imewashwa na hakuna aliyeitazama. Wajukuu walikuwa kwenye makochi, kila mmoja na simu yake, kila mmoja na vidude vyake masikioni. Kasichana kamoja kakacheka peke yake, kakacheka tena, mpaka nikashindwa kuvumilia. Nikakagusa bega. "Unacheka nini, mrembo?" Kakachomoa kidude kimoja. "Ni katuni tu, shosh." Kakakirudisha. Katuni tu! Woi, nilitaka kuruka kwenye kiti. Huruma mtu hakuweza kucheka katuni peke yake hata akitaka, ukicheka, kulikuwa na goti la mwenzako mbavuni mwako, kiwiko cha mwingine shingoni, na nyuma yako mtu akiuliza, "Amesema nini? Ati amesema nini?" Na wa kujibu swali hilo, mwaka mzima, nilikuwa mimi.

Habari za ukoo wangu nitaziruka. Nani alitoka Machakos akaja Nairobi kufanya nini, hayo yana wenyewe. Ninachotaka kusimulia ni mwaka mmoja tu, nilipokuwa darasa la tano, mwaka ambao televisheni iliingia korido yetu ikiwa bubu. Aliyeileta ni Baba Ciru, fundi seremala, mtu mpole mwenye vumbi la mbao kwenye nyusi hata siku ya kanisa. Aliinunua kwa mtu aliyekuwa akihama. Picha ilikuwa safi kabisa, lakini sauti ilikuwa imekufa, hata ukizungusha kile kidude mpaka mwisho husikii chochote. Tulipomuuliza mbona amenunua kitu kibovu, alicheka. "Picha ni ya macho, sauti ni ya masikio," akasema. "Kwani nani aliwaambia lazima zitoke kwenye sanduku moja?" Jioni, wakati wa habari, aliweka redio juu ya televisheni na kuviwasha vyote viwili. Msomaji wa kwenye kioo anafunga mdomo, na redio bado inaendelea na mambo ya bei ya kahawa. Haki, nimeona mengi duniani, lakini sijaona mtu aliyeridhika na habari kama Baba Ciru.

Tatizo ni kwamba katuni haikuwa na redio yake. Ilikuja Jumamosi alasiri, na Jumamosi hiyo ya kwanza korido nzima ilimiminika chumbani kwa Mama Ciru kama siafu. Chumba kilikuwa kimoja, kitanda nyuma ya pazia la maua, jiko la mafuta ya taa pembeni, mitungi ya maji chini ya meza, na vitambaa vyeupe vya kufuma juu ya kila kitu kilichokuwa na mgongo. Tulikaa kwenye mkeka, tumebanana, tunanuka sabuni ya kipande na jasho. Mama Ciru hakujiunga nasi. Aliketi kwenye kigoda akiipa televisheni kisogo, akipukuchua mahindi ya githeri kwenye beseni la bati, na mahindi yakawa yanalia tang-tang-tang. Alikuwa mwanamke mkali, wa maneno machache, na watoto tulimwogopa kuliko mwalimu mkuu. Kwenye kioo akatokea mbwa mnene, amevaa kofia na koti la vifungo vinavyong'aa. Anafungua mlango, anachungulia ndani, anatikisa kichwa, anafunga. Anafungua mwingine. Mdomo unaenda, sauti hakuna. Baada ya muda watoto walianza kupiga miayo na kufinyana, na mimi mdomo ukaanza kuniwasha. Mbwa alipokutana na bata bukini aliyejifunga skafu, sikujiweza. "Habari, Mama Mboga!" nikasema kwa sauti nzito ya askari wa kituo. "Mimi ni Afande Karanja. Kitambulisho! Kipande chako kiko wapi?" Na bata alipopanua mdomo nikamjibu kwa sauti nyembamba, "Afande, bata ana mfuko wapi wa kuweka kipande?"

Chumba kililipuka. Ciru alicheka mpaka akaangukia mitungi. Kisha mahindi yakanyamaza. "Nani huyo anaongea ndani ya nyumba yangu?" Mama Ciru akauliza bila kugeuka. Nikasema ni mimi, Mutheu. "Karanja ni jina la watu, wewe msichana. Mbwa haitwi Karanja." Nikamwambia, "Lakini ni askari, Mama Ciru." Akafikiri. "Hata askari ni watu," akasema. Tukangoja kufukuzwa. Badala yake tukasikia mahindi yameanza tena kulia kwenye beseni. "Haya, endelea. Debe shinda haliachi kutika." Basi hapo nikapata kazi yangu ya kwanza duniani.

Tuliiita kusemea. "Leo Mutheu anasemea," watoto waliambiana, ingawa kila Jumamosi ni mimi niliyesemea. Msidhani ni mambo ya kubwabwaja tu! Ilibidi uangalie midomo. Mdomo ukifunguka kidogo unasema neno fupi, ukifunguka kama pango unapiga ukemi, na mnyama akigeuza kichwa kabla hujamaliza, unameza sentensi iliyobaki. Nilifanya mazoezi wiki nzima kwa kuwasemea watu wa mtaani waliokuwa mbali: wanawake wakibishana kwenye mfereji, makanga akigombana na abiria, mchungaji akihubiri nje ya soko. Kanisani mama yangu alinifinya kwa sababu niliwasemea wanakwaya waliokuwa wakinong'onezana upande wa pili. Na kila Jumamosi nilijua kwamba nafasi yangu ipo, pale katikati ya mkeka, mbele ya kioo, ambapo hata watoto wakubwa wa darasa la saba walijisogeza kunipisha. Nyumbani nilikuwa mtoto wa tano, mtu wa kurithi sweta. Kwa Mama Ciru nilikuwa mtu.

Ni Ciru aliyeniuliza, katuni ya pili au ya tatu, "Kwani Karanja anafunguafungua hiyo milango anatafuta nini?" Sikuwa na jibu, lakini mdomo wangu ulikuwa nalo. "Anamtafuta mamake," nikasema. "Walipotezana stendi ya mabasi." Ilinitoka hivyo kwa sababu mwaka uliotangulia nilipotea mwenyewe stendi ya mabasi ya kwenda kwetu Machakos, nilishika sketi ya mama mwingine nikatembea nayo nikizungumza kwa raha zangu, mpaka mwenye sketi alipogeuka. Basi kuanzia hapo katuni zote zikawa hadithi moja. Mbwa akikimbia, amesikia kuna mtu anayefanana na mamake. Mbwa akianguka shimoni, alikuwa ameangalia juu kwenye dirisha la basi. Watoto wadogo walinifuata hata wiki ikiwa katikati, kwenye mfereji wa maji, wakinishika nguo. "Mutheu, atampata? Jumamosi hii atampata?" Nami najibu kama mganga, "Tutaona."

Wakati huohuo tulikuwa tukisikia maneno ya wakubwa, kama watoto wanavyosikia, nusu nusu, wakati wa kusukwa nywele. Nilikuwa nimeketi katikati ya magoti ya mama yangu, kichwa kimevutwa upande, jirani mmoja akasema Mama Ciru hajakanyaga kwao Murang'a tangu aolewe. "Mamake alisema akimfuata huyo seremala asirudi." Mama yangu akaguna. "Na mama mwenyewe bado yuko hai?" "Yuko. Ana nguvu za kulima." Wakahamia kwenye bei ya mafuta ya kupikia, nami nikahamia kwenye maumivu ya kichwa changu. Sikuunganisha hili na lile. Nilikuwa mtoto, na Mama Ciru kwangu hakuwa mtoto wa mtu. Alikuwa kisogo, kigoda na beseni.

Mkosi wangu ulikuwa Odhis. Ndiyo, huyuhuyu wa birika la chai. Alikaa jengo la mkabala, kwa mjomba wake mwenye televisheni inayosema, na siku moja akaja kwenye uwanja wetu, mikono mifukoni, kama wakili. "Nyinyi mnadanganywa," akatangaza. "Hiyo mbwa haitafuti mama. Inatafuta kofia. Na kofia iko kwa kichwa yake!" Tukamzomea. "Kofia gani? Mtu atafute kofia mwaka mzima?" Odhis hakutetereka. "Si muje msikie! Kila siku inauliza kofia iko wapi. Huyo msichana wenu ni mwongo." Kabla sijajibu, Ciru alivua patipati akamchapa nayo shingoni, pah! wakabingirika vumbini mpaka mama mmoja akawamwagia maji. Huo ndio mwanzo wa ndoa yao, na mpaka leo wakizozana Odhis hujishika shingo. Jumamosi iliyopita nilimkumbusha mbele ya wajukuu. "Lakini nilisema ukweli," akasema, birika mkononi. "Andikeni hapo. Nilisema ukweli."

Na mimi ndiye niliyejua kwamba huenda amesema ukweli. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, na ile yangu niliiona ikiisha kila nilipolala. Niliomba kitu ambacho sidhani mtoto mwingine yeyote Nairobi aliwahi kukiomba: Mungu, usiiponye televisheni ya Baba Ciru. Nikajiambia ikianza kusema, nani atanihitaji? Nitarudi kuwa wa tano. Nitakaa nyuma kwenye mitungi.

Mungu alikuwa na shughuli nyingine. Kabla ya mwaka kuisha, Baba Ciru alileta fundi wa redio, naye fundi akaifungua televisheni mgongo, akachomachoma humo ndani, na Ijumaa jioni korido nzima ikasikia msomaji wa habari akisema kwa mdomo wake mwenyewe. Watoto walicheza ngoma mlangoni. Ciru alinivuta mkono. "Mutheu! Inasema! Inasema kabisa!" Nikacheka naye, kicheko kikavu, nikaenda nyumbani nikajifunika blanketi na jua halijazama. Niliumia. Sina neno jingine la kulipamba; niliumia.

Jumamosi watu walikuwa wengi kuliko siku zote. Hata Odhis alikuja akasimama mlangoni na kundi lake, meno yote nje. Mimi nilienda mwenyewe kukaa nyuma, karibu na mitungi, kabla hajaniambia mtu. Muziki ukaanza, tarumbeta na ngoma, watoto wakapiga makofi. Akatokea mbwa. Akafungua mlango, akachungulia, akatikisa kichwa, kisha kwa Kiingereza kile cha puani, ambacho hata mtoto wa darasa la kwanza angekielewa, akauliza kofia yake iko wapi. Tena alikuwa na jina la Kizungu ambalo mpaka leo nakataa kulitamka. "Si niliwaambia!" Odhis akapiga kelele. "Kofia! Si niliwaambia!" Hakuna aliyenigeukia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Wote waliangalia kioo. Mbwa akauliza tena kofia iko wapi. Mahali ambapo tungecheka, watu wasioonekana ndani ya sanduku walicheka kwa niaba yetu, na chumbani hakucheka mtu. Mtoto mmoja mdogo akaanza kulia polepole. "Mamake je?" akauliza.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba mahindi hayalii. Sijui yalikuwa yamenyamaza tangu lini. Mama Ciru alikuwa amegeuka kwenye kigoda chake, kwa mara ya kwanza mwaka huo wote, uso kwa uso na televisheni, gunzi mkononi. "Kofia?" akasema. "Muda huu wote ni kofia?" Akaelekeza gunzi kwenye kioo. "Na iko kichwani mwake?" Odhis, kule mlangoni, ambaye hakumjua Mama Ciru vizuri, akasema, "Eeh, mathe, iko kwa kichwa." Mama Ciru akamtazama mpaka akarudi nyuma hatua kadhaa. Kisha akamgeukia mumewe aliyekuwa ameketi kitandani akijivunia mali yake. "Baba Ciru, nyamazisha hicho kitu."

"Lakini, mama, fundi ametengeneza jana tu..."

"Nyamazisha."

Akanyamazisha. Chumba kikawa kimya kile tulichokizoea, kimya chetu. Mama Ciru hakunitafuta kwa macho, alijua nilipo. "Mutheu," akasema, "toka kwenye mitungi urudi mahali pako. Unanisikia? Miezi yote nimemsubiri huyo Karanja. Alimpata au hakumpata?"

Jamani! Nikapita juu ya vichwa vya watu nikarudi katikati ya mkeka. Kwenye kioo mbwa alikuwa amesimama mbele ya mlango wa nyumba ndogo. Alinyanyua mkono kubisha, akaushusha. Akanyanyua tena, akashusha. "Ndiyo hapa," nikasemea kwa sauti ya Karanja, lakini safari hii sauti haikuwa ya kuchekesha. "Nimeuliza kila mahali, wameniambia ni hapa. Naogopa kubisha. Nikibisha akinikataa je?" Mbwa akabisha. Mlango ukafunguka ghafla, akatokea bata mzee, mnene, na ndoo mikononi, na kabla sijawaza lolote, akammwagia mbwa ndoo nzima ya maji usoni. Watoto wakashtuka, "Aaah!" Macho yote yakanigeukia. Mama gani huyo? Nilimwona Odhis pale mlangoni akinyoosha shingo, na hata yeye hakuwa akicheka. Nami mdomo wangu, mdomo huu ninaolaumiwa nao kila mahali, haukuniangusha. "Karibu, mwanangu!" nikamsemea bata kwa nguvu zangu zote. "Nilikuwekea maji ya kuoga siku nyingi! Angalia ulivyojaa vumbi la safari!" Mbwa akapangusa macho. Wakaingia ndani, mlango ukafungwa, maandishi yakaanza kupanda.

Kelele zilizofuata zilileta majirani mpaka wa ghorofa ya tatu. Watoto waliruka kitandani na Baba Ciru akiwa juu yake, Ciru akanikumbatia shingo nusura aninyonge, Odhis akapiga mluzi kwa vidole viwili. Sijawahi kuwa na furaha kama ile, na nimeolewa, nimezaa, nimestaafu na cheti cha heshima. Ni Mama Ciru tu ambaye hakuinuka kwenye kigoda. Alibaki amekitazama kioo, maandishi yakipanda, gunzi moja likiwa limepukuchuliwa nusu. "Kwa hiyo yalikuwa maji ya kuoga," akasema mwishowe. Hakuwa akiniuliza, lakini mimi sijui kuacha neno bila jibu. "Eeh, Mama Ciru. Ya kuoga."

Jumamosi iliyofuata tulikuta mlango umefungwa. Baba Ciru yuko kazini, ufunguo kaenda nao, na Mama Ciru amesafiri alfajiri na Ciru, kiondo kimejaa sukari, majani ya chai na mkate. Kwenda wapi? Murang'a. Basi tukaketi koridoni tukitazama kufuli, watoto wote, na Odhis aliyekuja amevaa shati safi akaniambia kwa uchungu, "Si ungeacha tu ikuwe kofia!"

Sikuwahi kumuuliza Ciru kilichotokea huko. Walirudi na ndizi na viazi vikuu, Mama Ciru akarudi kwenye kigoda chake, sauti ya televisheni ikabaki imefungwa Jumamosi, na likizo zote baada ya hapo Ciru alikwenda kwa bibi yake. Sisi tulijua hivyo, ikatosha. Jumamosi iliyopita, wageni wakiwa sebuleni na mimi na yeye jikoni tunaosha sahani, nikiwa bado nina hasira kidogo na vile vidude vya masikioni, ndipo nikamuuliza. Ciru aliweka sahani chini akajifuta mikono.

"Cucu, mamake mama, alitoka nje akasimama mlangoni," akasema. "Mama akasimama uani na kiondo kichwani. Wakatazamana tu. Mutheu, walitazamana mpaka nikaogopa. Kila mmoja anafungua mdomo, hakitoki kitu, anafunga. Anafungua, anafunga. Nikadhani wameharibika sauti."

"Ukafanya nini?"

"Ningefanya nini? Nikawasemea."

Nikamshika mkono na povu lake lote. "Wewe? Wewe hujawahi kusemea!"

"Siku hiyo nilisemea. Cucu alipofungua mdomo nikasema, 'Mbona umechelewa hivi, chai imepoa.' Mama alipofungua wake nikasema, 'Barabara ni mbaya, mama.'"

"Halafu?"

"Halafu cucu akaja akapokea kiondo," Ciru akasema. "Akamwambia mama, sasa kwa sauti yake mwenyewe, 'Ni kweli. Hii barabara yetu ni mbaya sana.'"